Theluji Imo Ndani ya Kodi

Pauline alivaa sare yake ya usafi akiwa bado chini ya blanketi, akashuka kinyumenyume kutoka kitanda cha juu, akachukua mpini wa mopu na upawa wa mti. Wenzake walikuwa wameketi kwenye ncha za vitanda, mabegi yao magotini, wakimtazama. Aliuchoma kwa mpini mlima wa theluji uliojaza sebule. Juu mpini uliingia kwa shida, kisha ukazama wenyewe bila kusukumwa. Hapo akapiga magoti, akachimba shimo dogo, akakata mche wa theluji mfano wa sabuni ya mche, akaulaza upawa juu yake na kuugonga, kwanza kwa vidole, halafu kwa kiganja. Kwenye kiganja mche ulikatika chini, ukateleza nje kama droo ya kabati.

Aligeuka akainua vidole vitatu.

Vidole vitatu maana yake ni kwamba watu watavuka, lakini mmoja mmoja, na hakuna kusimama katikati. Wakavuka mmoja mmoja. Kila mmoja aliburuta utepe mwekundu wa kanga uliofungwa kwenye kifundo cha mkono, ili akifukiwa ncha ya utepe ionekane juu. Aliyefika mlangoni aliinua mkono, ndipo mwingine akaanza. Chini, basi la kampuni lilikuwa linapiga honi.

Fleti yenyewe iko Discovery Gardens, Dubai, kwenye mojawapo ya majengo yale mafupi yanayofanana, yenye miti mbele na magari mengi kuliko nafasi za kuegesha. Ni chumba kimoja na sebule. Kwenye tangazo lililobandikwa mlangoni pa supamaketi iliandikwa: kitanda kwa mwanamke, Mkenya au Mwafrika, karibu na metro, AC bure. Tangazo halikudanganya. Baridi ya majengo yale hutoka kwenye mtambo mmoja mkubwa na malipo yake yamo ndani ya kodi. Swichi ya AC ilikuwa ukutani, ndani ya kisanduku cha plastiki chenye kufuli. Aliyewapangisha vitanda alisema ufunguo uko kwa ofisi ya upangishaji. Ofisi ilisema ufunguo uko kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba alikuwa safarini Ulaya, kwenye milima anakopenda kwenda kuteleza.

Theluji ilianguka kutoka tundu la AC, mfululizo, na upepo wa AC ukaisukuma upande wa jikoni. Hivyo mlima ulianzia kwenye jiko, ukapanda hadi konani juu ya kabati, kisha ukashuka kwa mteremko mmoja mpana mpaka mlangoni. Vitanda vilikuwa upande wa dirisha. Mtu hakuweza kutoka kitandani kwenda popote, iwe kazini, msalani au kanisani, bila kuukata mteremko ule katikati. Jua likishaingia dirishani theluji ya juu ililainika, na hapo vidole vya Pauline vilikuwa vinne. Vidole vinne, hatoki mtu. Aliyekwama ndani siku hiyo aliandikwa kazini kuwa hakufika, na kwa kampuni sababu zote za kutofika zilikuwa sababu moja.

Aliyepangisha vitanda aliitwa Gibson. Naye alikuwa Mkenya, mtu wa Nyandarua, mwenye Nissan nyeupe na sauti ya upole. Alikuwa na kanuni moja: kimya. Aliwaeleza kuwa kelele ndizo zinazoshusha theluji, kila mtu anajua, hata kwenye filamu ni hivyo. Basi humo ndani hapakuimbwa pambio wala kusaliwa kwa sauti. Simu hazikuita. Mwenye maneno na mwenzake alingoja wakutane chini kwenye maegesho, na aliyekuwa na maneno na Gibson aliyameza, maana Gibson alipenda kuja kusikiliza malalamiko ya wapangaji akiwa amesimama palepale mlangoni, chini ya mteremko, kidole mdomoni.

Mlango wa mkabala ulikuwa wa Bi Tufaha. Babake aliondoka Unguja akiwa kijana, yeye akazaliwa hukuhuku, akaolewa huku, akafiwa na mume huku, na hati zake zote zilikuwa mkononi mwake. Alikuwa na desturi ya kutoka na kikombe cha kahawa asubuhi kuwatazama Wakenya wakivuka. Upawa ulikuwa wake. Kanga iliyochanwa tepe nayo ilikuwa yake, doti nzima, yenye jina lisemalo NILIPO PANANITOSHA, na hakuacha kuwakumbusha.

Kelele hakuzijali.

"Sauti haijashusha theluji tangu mlima huu uwepo," alimwambia Pauline mbele ya mlango wazi, kwa sauti yake ya kawaida, ambayo si ndogo. "Mie nakaa hapa, naona. Akileta kitanda, unashuka. Akileta kitanda chengine, unashuka tena. Sasa hicho kitanda ndicho kilichopiga kelele?"

Kisha aliingiza kisigino cha kandambili kwenye ukingo wa theluji, akakata ukuta, akamwonyesha. Tabaka la juu lilikuwa jipya. Chini yake palikuwa na bamba gumu la wakati wa Waganda. Chini ya hilo pana mstari wa kahawia, vumbi la ile dhoruba ya mchanga wakati Wafilipino wamepanga. Na chini kabisa, tabaka la wapangaji wa mwanzo, chembe kubwa zisizoshikana, zikimwagika kidoleni kama sukari. Juu ya sukari ile ndipo vilipokuwa vyote vingine. Bi Tufaha aliwakumbuka wote kwa majina na kwa nchi zao. Alisema mlima nao unawakumbuka. Kila aliyelala humo kwa dhiki ameacha tabaka lake, na hakuna aliyekuja kulifagia. Waliowapangisha humo wameshabadilisha namba za simu.

Alikuwa na neno jingine, na hili alilisema kila siku, kama dua. Msichana mmoja wa Tanga, Ikhlas, aliyekuwa akilala kitanda cha Pauline kabla ya Pauline, aliondoka asubuhi moja kwenda kazini akiwa na upawa mwengine wa Bi Tufaha, na hakufika mlangoni. Kampuni ilingoja kama inavyongoja, kisha ikampeleka kwenye orodha ya watoro. Kule Tanga mamake aliambiwa binti amekimbia na mwanamume.

"Mlango huu hajautoka," alisema Bi Tufaha. "Ningemwona. Na upawa wangu ungerudi."

Wapangaji walimsikiliza kwa heshima, wakamshukuru kwa kahawa, na wakaendelea kunyamaza. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujaribu kupiga kelele mlima ukiwa juu ya wenzake.

Sasa ni lazima ielezwe habari ya simu ya Jumapili, maana mengine yote yalianzia hapo.

Jumapili moja Pauline alimpigia mamake huko Vihiga kwa video. Alikuwa peke yake kitandani, na mlima ulikuwa nyuma yake. Hakuwa amepanga kuuonyesha. Kitanda kilikuwa hapo, na mlima ulikuwa hapo. Mama aliisogeza simu machoni, kisha akamwita jirani, na jirani akaja na miwani.

"Mama, hii ni Dubai bado," alinong'ona Pauline.

"Ndiyo, ndiyo, ni Dubai," mama alijibu, naye akinong'ona, akamkonyeza. "Nimeelewa. Mambo ya makaratasi hayasemwi kwa simu."

Kabla ya jua kutua kijiji kizima kilijua kwamba Pauline amevuka, yuko Canada. Mchungaji alilitaja kwenye shukrani. Vijana walioitwa wavivu kwa kukataa kwenda Arabuni waliambiwa watazame, huko siko mwisho, huko ni daraja tu. Mara ya pili Pauline alipokanusha, mama alimsifu kwa kuwa na siri. Mara ya tatu hakukanusha kwa nguvu. Kwa mara ya kwanza tangu aondoke nyumbani mamake alikuwa analala usingizi, na hilo lilionekana usoni pake hata kwenye simu ile mbovu.

Ndipo mdogo wake, Phyllis, akamtafuta wakala aliyempeleka Pauline. Ng'ombe wa maziwa akauzwa. Pauline alituma ujumbe baada ya ujumbe. Aliandika kuwa hakuna Canada, kwamba ni chumba, kwamba kuna mlima, kwamba mlima haubebi mtu mwingine. Jibu la Phyllis lilikuja kwa sauti, na Pauline alilisikilizia kwenye maegesho, simu sikioni.

"Pau, wewe si ulienda ukafika? Sasa mimi nikitaka kufika ni makosa? Sema tu hutaki tuwe wawili huko juu. Sema tu. Na theluji tumeiona kwa macho, usituambie ni blanketi."

Pauline alimtafuta Gibson. Wakala wa Nairobi na Gibson walijuana, na wasichana wa kampuni ile walikuwa wanapokelewa naye uwanja wa ndege na kupelekwa moja kwa moja kitandani. Alimkuta anaifuta Nissan. Alimwambia mlima umejaa, umeanza kuguna chini ya miguu watu wakivuka, na nyufa zinatoka unyayoni hadi kabatini.

"Mtafutie mahali pengine," alisema. "Mtaa wa Naif, popote."

"Naif ni wanaume na mizigo, sista. Hapa pana dadake. Unataka akalale na watu hawajui?" Gibson alikunja kitambaa chake vizuri. "Na kitanda nishanunua. Mimi nilianza kwa kulala chini ya ngazi, Satwa, na nilishukuru. Nyinyi mna AC bure." Kisha akatazama dirisha la ghorofani. "Na usipandishe sauti. Unajua pale juu pana nini."

Walikuwa nje, kwenye jua, ghorofa nzima chini ya mlima. Pauline alishusha sauti.

Siku ya kufika Phyllis, vidole vilikuwa vinne tangu asubuhi. AC ilikuwa imepuliza bila kupumzika, theluji mpya ilikuwa nzito juu ya bamba, na Pauline alipogonga mche kwa vidole tu ulianguka kabla hajafika kiganjani. Basi lilipiga honi likaondoka. Wanawake walibaki vitandani, blanketi mabegani. Hakuna aliyeandika popote, lakini wote walijua leo wameandikwa.

Mchana jua lilipokuwa limejaa dirishani, mlango ulifunguliwa. Gibson aliingiza kwanza kitanda. Wanaume wawili walikibeba kikiwa vipandevipande, vyuma vya ghorofa mbili na magodoro yake, na kwa kuwa upande wa dirisha ulikuwa umejaa, waliviweka katikati ya mteremko, kwenye kijukwaa cha theluji alichokuwa Gibson amekipima kwa mikono wiki iliyopita. Mlima uliguna. Wale wanaume walitazamana, wakashuka haraka, wakaondoka bila kungoja asante.

Phyllis alisimama mlangoni. Alikuwa amevaa koti zito la mtumba, lenye manyoya shingoni, glovu na kofia ya sufu, na jasho la maegesho lilikuwa bado linamtoka. Alikuwa mtu wa kwanza kuingia chumbani mle akiwa amevaa ipasavyo. Mbele yake alishika sanduku jipya. Aliuona mlima, akacheka kwa furaha, bila sauti, kwa kuwa Gibson alishamwonya kwenye gari.

"Ngoja kwanza, mwanangu," alisema Bi Tufaha kutoka mlangoni kwake. Aliweka kikombe chini, akamfunga utepe wa kanga mkononi, fundo mara mbili. "Jua likiwa dirishani hapavukwi. Kaa kwangu hata magharibi, unywe chai."

Gibson aliweka kidole mdomoni. "Bi Tufaha, tafadhali. Yalla, dada, ingia. Kitanda chako ni kile."

Upande wa dirisha Pauline alikuwa amesimama, ameinua vidole vinne juu ya kichwa. Alikuwa na jina la mdogo wake mdomoni. Alimwona anaweka mguu wa kwanza. Sauti ile aliizuia kwa mkono wake mwingine, maana kichwani mwake kulikuwa na kanuni moja tu iliyobaki, na ilikuwa ile ya Gibson. Phyllis aliviona vidole, akainua vyake akampungia.

Alipofika kwenye kitanda kipya, mlima ulishuka.

Ulivunjika juu, kabatini, kwa mstari ulionyooka kama uliopigwa rula, na bamba zima likaanza kwenda, kwanza likiwa kipande kimoja, halafu vipande vingi. Lilichukua kitanda, likachukua sanduku, likachukua koti lenye manyoya, likajaa mpaka kizingiti cha mlango. Gibson alikuwa amesharuka nje. Kisha kukawa kimya, kimya kilekile kilichokuwapo kabla. Hakuna aliyekuwa amepiga kelele. Hilo likumbukwe, kwa sababu baadaye lilisemwa vingine.

Ndipo Pauline akapaza sauti. Aliita jina la mdogo wake kwa sauti yote ya miezi yote, mpaka majirani wa ghorofa ya chini wakafungua madirisha. Kutoka juu hakukuanguka hata chembe.

Wote waliteremka, wakachimba kwa sufuria, mabeseni na upawa. Ncha ya utepe ilionekana karibu na ukuta wa jikoni, na juu yake lilisomeka neno moja, PANANITOSHA. Pauline aliufuata kwa mikono mpaka akafika kwenye vidole. Havikuwa na glovu. Rangi ya utepe ilikuwa imepauka.

Aliyekuwa kwenye utepe ule alikuwa amekaa, magoti kifuani, begi la kazi mapajani na upawa juu ya begi, kama mtu aliye kituoni. Nyusi na nywele zake zilikuwa nyeupe. Alifumbua macho.

"Basi limeshaondoka?" aliuliza.

"Limeondoka, Ikhlas, mwanangu," alijibu Bi Tufaha, aliyekuwa ameshaingia na beseni lake. "Mengi tu."

Pauline alisema samahani, dada, akamwacha nusu ndani, akaendelea kuchimba. Ikhlas alijitoa mikono yote miwili, akaangalia ni nini kinachotafutwa, akaanza kuchimba na yeye. Ni yeye aliyeligusa sanduku. Lilikuwa limesimama mbele ya uso wa Phyllis na kumwachia nafasi ya kupumua. Walimvuta kwa mabega. Kofia ilikuwa imemfunika macho, na simu ilikuwa bado kwenye glovu.

Pauline alimkalisha kwenye kitanda cha chini, akamkumbatia mpaka akaacha kutetemeka. Kisha akamwambia yote, kwa sauti, kwa kuwa sasa sauti ilikuwapo: hakuna Canada, hii ni sebule, pasipoti itachukuliwa kesho kwa ajili ya viza na hatarudishiwa, na akitaka kwenda msalani atavuka pale. Phyllis alimsikiliza akitazama mlima. Aliuliza kama ng'ombe anaweza kurudishwa. Pauline alisema hapana.

Gibson alirudi jioni theluji iliposhikana tena. Aliwapa pole kwanza. Halafu alisema jengo zima ni shahidi kwamba Pauline alipiga kelele, na kwamba mlima umeshuka, na kila mwenye akili ataunganisha mambo hayo mawili. Bi Tufaha alimwambia kelele zilikuja nyuma ya mlima, si mbele. Gibson alisema yeye si mtu wa kubishana na mzee, na akabandika karatasi mpya mlangoni yenye neno KIMYA kwa herufi kubwa zaidi.

Suala la Ikhlas halikumchukua muda. Alipiga simu kampuni. Kampuni ilisema mtu huyo ni mtoro na faili lake limefungwa, hivyo hawezi kuwa ametoka popote. Ofisi nyingine ilisema mtoro hapewi hati ya kusafiri mpaka aliyemwandika aje amfute, na aliyemwandika hayupo tena. Hakuweza kufanya kazi, hakuweza kwenda Tanga. Kwenye kitabu cha wapangaji hakuwamo, kwa hiyo hakustahili kitanda.

"Khalas," alisema Gibson, bila ubaya. "Akae tu. Alikuwa anakaa."

Ikhlas alimrudishia Bi Tufaha upawa wake, akajitengenezea kikao kwenye theluji karibu na jikoni, mahali alipopazoea. Bi Tufaha alisimama mlangoni akiwa na pawa mbili mkononi. Kabla ya kuondoka Gibson aliitazama kona ya juu ya kabati, palipokuwa pameachwa wazi na bamba lililoshuka. Aliipima kwa shubiri. Ilitosha kitanda.

Simu ya Phyllis ilitetemeka. Ilikuwa mama, kwa video. Phyllis alimtazama dadake. Pauline alitikisa kichwa kumwambia apokee na aseme, maana yeye ameshindwa kusema na huyu amefika na maneno mapya. Phyllis alivaa tena kofia, akasogea kando ili chuma cha kitanda kisionekane, akapokea.

"Mama," alinong'ona. "Tumefika."

Kule Vihiga nyumba ilijaa wanawake wa kanisa. Walishangilia mpaka simu ikakwaruza, na Phyllis akapunguza sauti haraka kwa kidole. Simu ilipita mkono kwa mkono. Wote walitaka kuiona theluji, kwa hiyo Phyllis aliokota konzi moja akaisogeza kwenye kamera. Binti wa jirani aliomba namba ya wakala. Mama alipoishika tena simu, alisogeza uso karibu na kioo.

"Na huyo mzungu aliyekaa hapo nyuma yenu ni nani?"

Pauline na Phyllis waligeuka. Ikhlas alikuwa amekaa jikoni na begi lake mapajani, mweupe kutoka nywele hadi miguu.

"Ni jirani," alisema Pauline.

Wanawake wa kanisa walimpungia. Ikhlas aliwapungia pia. Juu yao AC ilianza tena, na theluji mpya ikalala juu ya ile ya zamani, bila kushikana nayo.